Bi. Letisia Melkizedek: Mtu Aulize Mara Moja

Na Yusrah Sefu, Dawati la Wasomaji

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Letisia Melkizedek anastaafu, baada ya kukitumikia Kituo cha Taarifa za Bonde, Kilosa, kwa miaka thelathini na minne. Alipoajiriwa, kituo kilikuwa chumba kimoja chenye makabati ya chuma na taipureta iliyovunjika herufi "r". Anapoondoka, mkulima wa Kidodi aliyekaa kando ya barabara akisubiri lori lije kubeba miwa yake anaweza kuuliza swali kwa simu na kujibiwa na hazina saba za machapisho ambazo hajawahi kuzitia machoni. Kati ya mambo hayo mawili ndipo yalipo maisha ya kazi ya mama huyu. Sisi wa humu ndani tunamwita Mama Goodhope, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wageni humwita Madamu mara moja tu, kwa sababu wakishatazamwa hawarudii.

Dawati hili lilipewa kazi ya kuandika wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi umetushinda. Uchangamfu tumeujaribu, lakini mwenyewe aliposikia kwamba anaandikwa alitoa sharti moja, kwamba lile jambo la Kimamba lisirukwe. Tulimbembeleza tuliache, tukasema sherehe si mahali pake. Akajibu kwamba kama halimo, basi na yeye asisomewe. Kwa hiyo limo.

Alizaliwa hukohuko Kimamba. Babu yake alitoka Njombe kuja kukata mkonge, baba yake akahamia reli na kuwa fundi wa njia. Nyumbani kwao, anasimulia, walikula kwenye sinia moja, watoto pamoja na wageni wa siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kutia mkono kabla ya Mzee Melkizedek. Mzee akikutana na mtu mlangoni, wakaanza kusalimiana na kuulizana habari za treni, ugali ulipoa na mchuzi ukaganda, na wao wamekwisha nawa, wanautazama. Mama Goodhope hakuona ubaya wowote katika jambo hilo. Ndivyo nyumba za watu zilivyokuwa, na nyingi bado ziko hivyo.

Alisomea ukutubi, akaajiriwa hapa mwaka 1991, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa kadi za vitabu. Kwa kuwa taipureta haikuwa na "r", aliiongeza kwa kalamu kadi baada ya kadi. Ukifungua droo za zamani leo utakuta kila neno limechapwa isipokuwa herufi hiyo moja, iliyosimama wima na mkia wake mdogo, kwa mwandiko wake. Tulipotaka kuzitupa kadi hizo alisema tuzitupe akishaondoka. Sasa anaondoka, na hatujamwona mtu aliyejitolea kuzitupa.

Wasomaji walimwogopa kidogo. Aliyelamba kidole ili kufunua ukurasa alinyang'anywa kitabu, akapewa kitambaa na mhadhara. Mwanafunzi aliyekuja kuomba "chochote kuhusu maji" alirudishwa nje akafikiri, ndipo aingie tena na swali kamili. Wengi waliokasirika wakati ule sasa ni mabwana shamba na walimu, na mmoja ni diwani. Wakija hapa utawaona wakipanga swali lao kuanzia getini.

Mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika hadi mjini, aliiacha nyumba yake ikiingia maji akaja kuyapandisha magazeti ya zamani juu ya makabati. Marehemu mumewe alimfuata akidhani amechanganyikiwa, akaishia kubeba mafaili naye. Godoro lao halikupona, magazeti yalipona. Alipoulizwa na mkurugenzi wa wakati huo kwa nini hakuanza na vyake, alisema godoro linauzwa dukani.

Lakini kazi atakayokumbukwa kwayo ni nyingine, na ilianza na hasira. Mambo yaliyoandikwa kuhusu bonde letu yametawanyika. Ripoti za wanyama na nyika ziko Mikumi. Za magonjwa ya mifugo ziko kwenye chuo kimoja cha mifugo huku kwetu. Za miwa ziko kwenye tovuti ya chama cha wakulima kule Kidodi. Na zile zilizoandikwa na watafiti wa kupita, waliokuja na magari yao wakapima udongo wetu wakaondoka, ziko kwenye hazina za vyuo vikuu vya mbali. Mwalimu mmoja wa Kisanga alikuja hapa akitafuta habari za chemchemi ya kijijini kwao. Tukamwelekeza Mikumi. Mikumi wakamwelekeza chuoni. Chuoni wakamwambia ripoti hiyo wanaikumbuka, iko Kilosa, kwenye kabati la pili ukiingia. Alirudi amechakaa, nauli imekwisha, na ripoti ilikuwa pale pale alipokaa mara ya kwanza. Mama Goodhope alimpa chai, akamwomba radhi, na siku hiyo tulisikia kwa mara ya kwanza maneno ambayo baadaye yalibandikwa ukutani: mtu aulize mara moja.

Alichokitaka kilikuwa kisanduku kimoja cha kuulizia. Mtu aandike swali lake, mfumo ulipeleke kwa kila hazina kwa wakati mmoja, na majibu yarudi kwenye ukurasa mmoja, kila moja likionyesha limetoka wapi. Fundi wetu wa mifumo, Alfred, alisema linawezekana, ila kila hazina lazima ikubali kuulizwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama Goodhope alizunguka na mkoba wake wa khaki na mwavuli, kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kila alikofika alikuta hofu ileile, kwamba Kilosa wanataka kuchukua vitu vya watu. Aliwaeleza kwamba hatuchukui kitu. Mama akiishiwa chumvi anatuma watoto nyumba hii na ile kuuliza. Mwenye chumvi ndiye anayejibu, na chumvi inabaki kwake mpaka aamue kuitoa.

Hazina za mbali zilikuwa rahisi kukubali na ngumu kuelewana nazo. Nyaraka zao zimeelezwa kwa Kiingereza, na mfugaji wetu anaandika "ndigana", ule ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, siyo jina lililo kwenye vitabu vya daktari. Basi Mama Goodhope alikaa na wafugaji, wauguzi wa mifugo na wazee wa vijiji, akakusanya majina ya magonjwa, majani na wadudu, akayaoanisha na majina ya kitaalamu, Alfred akayaingiza kwenye mfumo. Kazi hiyo haikuwa na posho. Alikuwa akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, amebeba mahindi ya kuchoma aliyopewa njiani, na anatugawia huku akisoma majina mapya kwa sauti.

Mkutano wa kukubaliana ulifanyika Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mambo ya kiufundi yaliisha asubuhi. Yaliyobaki, majibu ya nani yakae juu kwenye ukurasa, yalikula siku. Kidodi walisema wao wana watu wengi. Chuo kikasema chenyewe kina wataalamu. Hazina za mbali, ambazo hazikuwa na mtu wa kuzisemea, ziliwekwa mwisho bila mjadala. Aliyekata shauri ni Mama Goodhope. Alisimama akasema twende kwa umri. Hazina ya Nyika ya Mikumi ndiyo ya zamani kuliko zote, na mtunzaji wake, Mzee Theodory, ndiye mkubwa kuliko sote tuliokaa pale. Jibu lake likae juu. Na kwa heshima, majibu ya wengine yasionekane mpaka la mkubwa limefika.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Alfred peke yake aliuliza itakuwaje Mikumi wakichelewa. Mama Goodhope alimjibu kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto adabu: "Mkubwa hajasema, sisi tunakimbilia wapi?" Watu wakacheka, Alfred naye akacheka, na hivyo ndivyo mfumo ulivyotengenezwa.

Ulizinduliwa mwezi wa nane, jua kali, na ulikwenda vizuri. Mgeni rasmi alitafuta jina lake mwenyewe, akalikuta kwenye ripoti ya zamani ya mashindano ya mbuzi wa maziwa, akafurahi kuliko tulivyotarajia. Watu wakaanza kuuliza kutoka mashambani. Mama Goodhope, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwapigia simu wenzake wa kila hazina akihangaikia swali la mtu, aliweka simu chini. Tulikuwa na mashine sasa.

Hazina ya Nyika iko kwenye nyumba ya mawe pembeni ya mji, na kompyuta zake zinatumia umeme wa jua. Wakati wa kiangazi hujibu haraka. Mawingu yakitanda zinachoka, na nyani nao huwa wanapanda kwenye dishi la intaneti na kuligeuza wanavyotaka. Vuli ya mwaka ule ilipoanza, Mikumi ikawa inakaa kimya kwa siku kadhaa. Majibu ya wengine yalifika, yakasimama nje ya mlango yakimsubiri mkubwa, na muda wa kusubiri ulipokwisha ukurasa ulijifunga na kuandika: Hakuna kilichopatikana.

Haukuandika kwamba umekwama. Uliandika kwamba hakuna.

Wiki hiyo alikuja Bi. Marciana, mke wa Mzee Bundala, wa familia ya Kisukuma inayolima na kufuga nje kidogo ya Kimamba, kwenye mpaka wa shamba la zamani la mkonge. Alimwamkia Mama Goodhope, akakaa, akaeleza kwa utaratibu. Ndama wao walikuwa wakifa. Wanatoka malishoni wazima, jioni wanatetemeka, asubuhi hawasimami. Kilichomleta hasa hakikuwa ndama peke yao. Pale kwenye bwawa wanaponyweshea pana bustani ya nyanya ya jirani yao, Nassir, na vijana wa boma walikwisha amua kwamba Nassir ametia sumu kwenye maji. Mzee Bundala aliwazuia, lakini aliwazuia kwa kuwaambia wasubiri mama yao arudi kutoka Kilosa. Kama kuna ugonjwa unaojulikana wa namna hiyo, wangetulia.

Mama Goodhope aliuliza mwenyewe. Aliandika swali, ukurasa ukazunguka, ukasema hakuna. Akabadilisha maneno, ukasema hakuna. Akajaribu tena. Zamani angenyanyua simu. Safari hii alimgeukia mgeni wake na kumwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kote tulikouliza hakuna kilichoandikwa kuhusu jambo hilo. Bi. Marciana alishukuru, akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Usiku wa kuamkia kesho yake bustani ya Nassir ilifyekwa yote, nyanya zikiwa zimeanza kubadilika rangi, na pampu yake ikatupwa bwawani. Yeye alichukua mke na watoto akahamia kwa ndugu zake Kimamba mjini. Watu wa upande wake wakaanza kukusanyika sokoni, wakiulizana lini waende kwa akina Bundala. Na ndama waliendelea kufa, maana hakuna aliyewaondoa pale walipokuwa.

Siku chache baadaye simu ya Mama Goodhope iliita. Alikuwa Magreti, mkutubi wa chuo cha mifugo, amepiga kwa mambo mengine kabisa. Mwishoni akatania kwamba Kilosa mnapenda kuuliza na hampendi kusikiliza. Kwenye kumbukumbu za mfumo wao alikuwa ameona swali letu la ndama, limeletwa mara tatu, na mara tatu chuo kimejibu papo hapo, lakini hakuna aliyefungua jibu. Jibu lenyewe lilikuwa utafiti wa mwanafunzi wao kuhusu jani linalochipua kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa, mvua za kwanza zinaponyesha, kabla nyasi hazijashika. Ndama wasiolizoea wakilila wanatetemeka na kufa. Dawa yake ni kuwaondoa pale mpaka nyasi zikue.

Mimi nilikuwa dawati la pili. Nilimwona akiweka simu mezani taratibu, akakaa, kisha akachukua mwavuli. Alfred alitaka kueleza kilichotokea ndani ya mfumo. Mama Goodhope alimwambia anajua kilichotokea, aufunge ukurasa, aandike watu wapige simu. Akatoka akapanda bodaboda kwenda Kimamba, kwenye tope ambalo wanaume wa ofisi hii walilikataa wiki nzima.

Alimpitia kwanza Nassir mjini, akamwomba waende pamoja. Nassir alikataa, kisha akakubali kufika bwawani tu. Pale mbele ya mashina ya nyanya yaliyofyekwa, Mzee Bundala, mkewe na wanawe wakiwa upande mmoja na Nassir upande mwingine, Mama Goodhope aliwaonyesha lile jani, maana lilikuwa limeota kote miguuni mwao. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kusema mtandao ulisumbua, na kila mtu angemwelewa, kwa kuwa mtandao husumbua kila siku. Alisema: "Jibu lilikuwepo toka siku ile. Mimi ndiye niliyelizuia."

Aliwaeleza jinsi alivyopanga mwenyewe kwamba wadogo wasijibu kabla ya mkubwa. Mzee Bundala alisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ni adabu, hawezi kumlaumu mtu kwa adabu. Nassir alitazama mashina yake. Aliyesema ni Bi. Marciana, na Mama Goodhope ametuambia maneno yake mara nyingi kiasi kwamba tunayajua wote kwa moyo: "Mama, ulituambia hakuna. Ungetuambia bado, tungesubiri."

Alirudi ofisini jioni, matope hadi magotini, akalia. Tunaliandika hili kwa ruhusa yake. Hakulia kwa sababu ya ndama. Alisema wale vijana walifyeka bustani ya mtu kwa neno lake.

Alfred alisema kubadilisha sharti lile ni kazi ya mchana mmoja, na Mikumi hawatajua. Mama Goodhope alikataa. Lilikuwa makubaliano ya wote, na mkubwa hasogezwi kwa nyuma ya mgongo wake. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Kama Mzee Theodory angeona ameshushwa angejitoa, na Mikumi wakijitoa Kidodi nao hawabaki, na kazi yote ile ingerudi kwenye nauli za walimu wa Kisanga. Alikwenda hata hivyo, kwa basi, mvua ikinyesha.

Mzee Theodory alimpokea kwenye ile nyumba ya mawe. Mama Goodhope alimwamkia, wakaulizana habari za watoto, za mvua, za nyani, kama inavyopasa. Kisha akamweleza yote, ndama, nyanya na pampu, bila kuficha kwamba kimya chao ndicho kilichoziba mlango. Mzee alikaa kimya kwa kitambo, kimya kilekile, Mama Goodhope anasema, mpaka akajiuliza kama na yeye amechoka betri. Halafu akasema, kama jambo ambalo mtoto yeyote analijua: "Mimi nyumbani kwangu nikichelewa, watoto wanakula. Changu wananifunikia."

Hivyo ndivyo mfumo ulivyo mpaka leo. Ukiuliza, kila hazina inajibu inapowahi. Lakini safu ya juu kabisa haikaliwi na mtu. Ni ya Mikumi, na kama Mikumi hawajajibu, imeandikwa pale: Bado. Jibu lao likifika, hata kama ni kesho yake, linaingia juu, mahali pake, na aliyeuliza anapelekewa ujumbe. Baadaye kila hazina iliwekewa mahali pake namna hiyo. Na neno "Hakuna" haliruhusiwi kuonekana mpaka hazina yenyewe, kwa kinywa chake, imesema haina. Sharti hilo Mama Goodhope alilibandika ukutani chini ya lile la kwanza. Alfred anasema ndilo lililomsumbua zaidi kulitengeneza kuliko mfumo wote, na ndilo pekee analojivunia. Wageni kutoka vyuo vikubwa wamekuja kuitazama safu hiyo tupu, wakapiga picha, na Mama Goodhope akawaambia waache kulamba vidole.

Hakuna mtu aliyekufa kule bwawani. Tunalisema waziwazi kwa sababu ilikuwa karibu. Vijana wa Mzee Bundala waliitoa pampu majini, wakailima bustani upya wenyewe, na msimu uliofuata Nassir alirudi. Yeye na Mzee Bundala hawajawa marafiki. Wanasalimiana. Bi. Marciana ndiye muulizaji wetu mkuu kwa simu. Mvua ikitia wingu tu swali lake limefika, na akiona "Bado" anatuma ujumbe wa sauti kutuambia anasubiri, hana haraka, tusijisumbue. Amemfundisha Mama Goodhope majina mengi ya majani kwa Kisukuma, na yote yamo kwenye mfumo.

Katika miaka yake ya mwisho Mama Goodhope alitufundisha kazi kwa namna yake, yaani kwa kutuacha tukosee kidogo huku akitazama. Amewalea wakutubi ambao sasa wako Morogoro na Dodoma. Cheti cha mfanyakazi bora alichopewa amekitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo hakionekani mlango ukiwa wazi, na mlango wake ulikuwa wazi daima. Birika lake la chai ameliacha ofisini, pamoja na maelekezo ya namna ya kulisugua. Mwavuli anaondoka nao.

Anahamia Kidodi kwa Goodhope, ambako ana kipande cha miwa na wajukuu wanaomwita Bibi Maktaba. Mtandao wa kule, yeye mwenyewe anasema, huja ukipenda. Leo kwenye sherehe kwa umri na kwa heshima alitakiwa atangulie kuchukua chakula, na sisi sote tumsubiri. Amekataa. Ameagiza watu wale mara chakula kikiiva, hotuba ziwakute wameshiba. Bi. Marciana na Mzee Bundala wamethibitisha watakuja, na Mzee Theodory analetwa na gari. Nassir amealikwa pia. Hajajibu. Katibu wa sherehe alitaka kulifuta jina lake ili kupanga viti, Mama Goodhope akamnyang'anya kalamu, akaliandika upya jina hilo kwa mkono wake, lenye ile "r" yake mwishoni, na mbele yake neno moja: bado.

Mama Goodhope, ahsante. Ahsante kwa kadi, kwa magazeti yaliyopona, kwa mahindi ya kuchoma, na kwa kutokubali jambo la Kimamba lirukwe. Tunakuombea afya, miwa mizito na usingizi wa kutosha. Tutakuwa tukikuuliza mambo, unatujua, na kuna siku simu itaita kule Kidodi na wewe hutapokea. Hatutasema hakuna. Kiti chako cha dirishani tutakifuta vumbi na kukiacha. Sisi tutakula, kwa kuwa ndivyo ulivyoagiza, lakini chako tumekifunika.